Moto wa Bluu: Kutambua na Kutatua Matatizo ya Jiko la Gesi

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa wakazi wa Dodoma na nyanda za kati

KWA NINI KIJITABU HIKI

Mwezi Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mitungi ya gesi imeingia kwenye majiko ya familia, vyumba vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na vibanda vya mama lishe.

Kupata jiko ni hatua ya kwanza. Kulitunza ni ya pili. Jiko linalotoa masizi au kuzimika ovyo humchosha mpishi. Akichoka, hurudi kwenye gunia la mkaa, na jiko la gesi hubaki kando likiota kutu. Tungependa hilo lisitokee nyumbani kwako. Matatizo mengi huisha kwa mswaki mkavu, kitambaa safi na uvumilivu kidogo. Machache ni ya fundi peke yake, na ni lazima uyajue kabla hujagusa chochote.

KWANZA USALAMA: UKISIKIA HARUFU YA GESI

Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani. Kwa asili haina harufu. Huongezewa harufu kali ya kitu kilichooza ili ikivuja ijulikane. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kutuama sakafuni. Dirisha la juu pekee haliwezi kuitoa. Mlango ufunguliwe pia.

1. Zima moto wowote ulio karibu.
2. Funga koki ya mtungi.
3. Fungua milango na madirisha yote.
4. Usiwashe wala kuzima taa au feni, na usitumie simu ukiwa ndani.
5. Toeni watu wote nje, kisha pigeni 114, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Ukihisi harufu hafifu na hujui inatoka wapi, koroga sabuni ya maji na maji kidogo mpaka itoe povu. Fungua koki ya mtungi huku jiko likiwa limezimwa. Paka povu kwenye maungio: mahali regulata inaposhika mtungi, kisha ncha zote mbili za mpira. Mapovu yakianza kuvimba na kuongezeka, hapo panavuja. Funga koki na usitumie jiko hadi parekebishwe. Kamwe usitafute uvujaji kwa kiberiti au mshumaa.

TATIZO LA 1: MOTO WA NJANO NA SUFURIA ZENYE MASIZI

Moto mzuri ni wa bluu, umetulia na hauna masizi. Moto wa njano unaopepea na kuacha weusi kwenye sufuria unaonyesha kwamba gesi haipati hewa ya kutosha. Unapoteza gesi, na zaidi ya hapo, moto huo unaweza kutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hatari huongezeka wakati wa kiangazi, pale tunapofunga madirisha kuzuia vumbi. Ukipika, acha dirisha au mlango wazi hata kama upepo unavuma.

Kwetu Dodoma chanzo kikubwa ni vumbi hilohilo. Huingia kwenye tundu la hewa lililo chini ya jiko, nyuma ya kichomeo, na kuliziba taratibu. Buibui nao hupenda kutega utando ndani ya bomba linalopeleka gesi kwenye kichomeo, hasa jiko likikaa muda bila kutumika.

Cha kufanya: Funga koki ya mtungi na usubiri jiko lipoe kabisa. Inua kichomeo, yaani kile chuma chenye matundu yanayotoa moto. Kisugue kwa mswaki mkavu, kisha zibua kila tundu kwa sindano bila kulipanua. Futa vumbi kwenye tundu la hewa na uangalie kama bomba lina utando. Rudisha kichomeo kikae sawasawa, kisichezecheze, ndipo uwashe.

Usichanganye njano ya masizi na rangi ya chungwa inayotokana na chumvi. Mlenda uliopikwa kwa magadi ukifurika, matone yake huungua kwenye kichomeo na kuupaka moto rangi ya chungwa kwa muda. Maji ya kisima yenye chumvi, yakitumika kuoshea kichomeo na kukaukia humo, hufanya vivyo hivyo. Kama sufuria haipati weusi, tatizo ni uchafu tu. Osha kichomeo kwa maji ya moto na sabuni, kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, na ukiache kikauke kabisa kabla ya kukirudisha.

TATIZO LA 2: MOTO NI MDOGO, CHAKULA HAKIIVI

Anza na vitu rahisi. Je, koki imefunguliwa hadi mwisho? Mpira umekunjika au kubanwa na mguu wa meza? Mtungi una gesi? Upanguse kwa kitambaa kibichi: sehemu yenye gesi ya maji hukauka polepole kuliko sehemu tupu, na mstari wa kiwango huonekana. Mtungi unaokaribia kwisha hutoa moto dhaifu zaidi asubuhi za baridi za Juni na Julai. Usiupashe moto, usiulaze wala kuutikisa.

Kama mtungi umejaa na upande mmoja wa jiko la pleti mbili unawaka vizuri huku mwingine ukiwa dhaifu, huenda nozeli imeziba. Hicho ni kitundu chembamba sana kinachopimia jiko kiasi cha gesi. Usikichokonoe kwa msumari au waya mgumu, kwa maana kikipanuka jiko litapitisha gesi kupita kiasi. Mwachie fundi.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulilaumu jiko bila sababu. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni mdogo kuliko Dar es Salaam au Tanga, na maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Maharage na makande vitachukua muda mrefu zaidi hata kama jiko ni zima. Loweka usiku kucha, funika sufuria, au tumia sufuria ya presha. Yakishachemka, punguza moto: kuuongeza hakuongezi joto la maji, kunamaliza gesi tu.

TATIZO LA 3: JIKO HALIWAKI AU LINAZIMIKA

Kiwashio kisipotoa cheche, mara nyingi kimelowa au kimepakwa mafuta. Kifute kwa kitambaa kikavu. Ukitumia kiberiti, washa njiti kwanza, isogeze kwenye kichomeo, ndipo ufungue gesi. Moto usiposhika ndani ya sekunde chache, funga na usubiri gesi itawanyike kabla ya kujaribu tena.

Moto ukizimwa na upepo, gesi huendelea kutoka. Weka jiko mbali na mkondo wa mlango na usiondoke chakula kikiwa jikoni. Usizungushie mabati mtungi mdogo wenye kichomeo juu yake. Joto litarudi kwenye mtungi wenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, na kwa kuwa unaweza kupinduka, usiutwishe sufuria kubwa ya biashara. Mama lishe na baba lishe, tumieni jiko la mezani lenye mpira na regulata.

TATIZO LA 4: MOTO UNANGURUMA NDANI YA JIKO

Ukisikia mngurumo au mluzi na kuona moto ukiwaka chini ya kichomeo badala ya juu yake, zima mara moja. Acha jiko lipoe, safisha kichomeo na bomba, kisha hakikisha kila kipande kimekaa mahali pake. Hali ikijirudia, mwite fundi.

UNAPONUNUA GESI

Dai mtungi upimwe mbele yako. Ni haki yako, na muuzaji anatakiwa kuwa na mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi. Ukisomeka kilo 7.5 na umenunua gesi ya kilo 6, mizani ionyeshe kilo 13.5. Angalia kama lakiri haijachezewa. Ukipunjwa, toa taarifa Wakala wa Vipimo au EWURA. Usikubali gesi iliyohamishwa mtaani kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo.

LIPI LAKO, LIPI LA FUNDI

Lako: kusafisha kichomeo na tundu la hewa, kupima kwa povu, kukagua mpira. Mpira uliopasuka, uliokakamaa au uliopitwa na tarehe yake ubadilishwe wote. Usiufunge kwa gundi wala mpira wa baiskeli.

La fundi: regulata, nozeli, koki ya jiko, na uvujaji wowote. Koki ya mtungi ikivuja, usiifungue wala kuigonga. Mtungi uwekwe nje, wima, mbali na moto na jua kali, kisha urudi kwa muuzaji.

Wafundishe wote wanaopika nyumbani, akiwemo dada wa kazi na mtoto mkubwa anayewasha jiko mama akiwa sokoni. Kila mmoja ajue kufunga koki ya mtungi bila kuuliza upande upi, na aikariri namba 114.