Tyuna ya Kubana Darasani: Matumizi na Utunzaji Wake

Mwalimu aendaye kufundisha muziki katika shule ya msingi hukutana na kikwazo hata kabla ya wimbo wa kwanza, nacho ni ala zilizolegea. Gitaa dogo la nyuzi nne, liitwalo ukulele, likikaa kabatini tangu Ijumaa hadi Jumatatu, aghalabu halitoi tena sauti lililoachwa nayo. Siku hizi kipo kifaa kidogo kibanwacho kwenye kichwa cha ala, ambacho wanamuziki hukiita tyuna. Katika makala haya tutaeleza namna ya kukitumia na kukihifadhi, na pia mahali ambapo, kwa maoni yetu, hakina haki ya kutoa hukumu. Tumeyaandika baada ya kuwasimamia wanachuo katika mazoezi ya kufundisha huko Bariadi, mkoani Simiyu.

Kwanza, jina. Wanafunzi wakisikia "ukulele" hucheka, maana masikio yao husikia "ukelele". Mwalimu awaache wacheke, kisha awaeleze kwamba jina hilo latoka visiwa vya Hawaii, ambako kwa kawaida hufasiriwa kuwa kiroboto arukaye. Ala yenyewe ilitokana na magitaa madogo yaliyofika huko mwaka 1879 pamoja na wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira, Ureno.

Tyuna ya kubana haisikilizi hewani kama sikio lifanyavyo. Ndani yake kimo kipande kinachohisi mtetemo wa mti na kuugeuza kuwa umeme hafifu. Ndiyo maana hufanya kazi hata darasa la jirani likiimba jedwali la kuzidisha kwa sauti ya juu. Kioo chake huonyesha herufi ya sauti na mshale. Mshale ukiegemea kushoto, uzi umelegea. Ukiegemea kulia, umekazwa kupita kiasi. Ukisimama katikati, sauti ni sawa. Kabla ya kuanza, mwalimu ahakikishe kwamba kioo kinaonyesha namba 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde kwa sauti ya A, kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939. Tyuna nyingi zina kitufe cha kubadili namba hiyo, na vidole vya watoto hukigusa bila kujua.

Nyuzi za ukulele, ukizihesabu kutoka juu ala ikiwa imepakatwa, ni G, C, E na A. Kwa wanafunzi waliozoea solfa ya kwaya, hizo ni so, do, mi, la. Ipigwe uzi mmoja mmoja kwa kidole gumba, nyingine zikizuiwa kwa kiganja, na daima uzi upandishwe kutoka chini kwenda juu. Ukipita, ulegezwe kwanza ndipo upandishwe tena. Yafaa pia kukumbuka kwamba mashine husoma sauti tu, haijui kigingi kipi kimeshikwa. Tumemwona mwanachuo akipiga uzi mmoja huku akikaza kigingi cha uzi mwingine, akishangaa mshale kutosogea, mpaka uzi aliokuwa akiukaza ukakatika.

Lakini kosa kubwa zaidi tuliloliona ni la matumizi ya wakati. Katika kipindi kimoja cha dakika 40, mwanachuo alikuwa na ukulele sita na tyuna moja. Alizirekebisha zote mwenyewe mbele ya darasa, akiwa amewapa wanafunzi mgongo, na ilipofika dakika ya 25 alikuwa bado yu kwenye ala ya nne. Maandalio yake ya somo yalikuwa mazuri. Hayakuwa na nafasi ya jambo hili, basi.

Twashauri hivi. Mwalimu arekebishe ala zote kwa tyuna kabla ya kipindi. Akiingia darasani, alegeze kidogo uzi wa mi wa ala moja, kisha apige do na kuwataka wanafunzi waimbe do, re, mi. Darasa zima likiisha kuishika mi kooni, mwanafunzi mmoja aje azungushe kigingi polepole mpaka wenzake wakubali kwamba uzi umefika. Ndipo tyuna ibanwe kuthibitisha. Njia nyingine ni kubonyeza uzi wa C kwenye kituo cha nne, ambapo hutoa E. Na uzi wa E kwenye kituo cha tatu hutoa G, na kwenye cha tano hutoa A. Kwa hiyo uzi mmoja ukiwa sawa, mwingine wote hupatikana kwa sikio. Shule nyingi atakazopangiwa mwanachuo hazitakuwa na tyuna, lakini wanafunzi wenye masikio watakuwapo.

Sasa tufike kwenye tukio lililotusukuma kuandika. Katika shule mojawapo, mwanachuo alimwalika mzee wa kijiji, mpigaji zeze, aje awaonyeshe wanafunzi ala ya nyumbani. Lilikuwa wazo jema, nasi tuliketi nyuma kwa furaha. Mzee alipiga, watoto wakatikisa vichwa, wawili watatu wakaanza kuimba kwa Kisukuma. Kisha mwanachuo akatoa tyuna, akaibana kwenye ufito wa zeze. Mshale ukakataa kusimama katikati.

"Babu," akasema, "zeze lako limekosea. Mashine inaonyesha." Akanyoosha mkono kushika kigingi.

Mzee hakukasirika. Alilivuta zeze lake taratibu, akauliza, "Mwanangu, hicho kidude kimewahi kuimba?"

Darasa lilinyamaza, na wimbo ule wa watoto haukurudi tena siku hiyo. Aibu ilikuwa yetu wakufunzi zaidi, kwa sababu tulikuwa tumemfundisha mwanachuo kutumia kifaa bila kumfundisha mipaka yake. Tyuna imeundwa kwa mfumo unaoigawa oktava katika sehemu 12 zilizo sawa. Zeze hurekebishwa kwa koo la mwimbaji wake. Tena, sauti ziamkazo zenyewe ndani ya uzi mmoja, kama zisikikazo katika upinde wa ndono, hazigawanyiki hivyo: ile ya tano huwa chini ya alama ya tyuna kwa kiasi cha sehemu 14 za mia za nusu-toni, na ya saba kwa sehemu 31. Hapo mshale hauonyeshi kosa, bali tofauti ya vipimo.

Hata hivyo tyuna yaweza kumfaa mpigaji zeze, kwa ruhusa yake. Apige kila uzi, na wanafunzi waandike herufi inayotokea na upande ulioegemewa na mshale. Uzi ukikatika mwaka ujao, au zeze likirithiwa na mjukuu, daftari hilo litasaidia kurudisha sauti ya mzee ilivyokuwa.

Kuhusu utunzaji, tyuna isiachwe ikiwa imebanwa kwenye ala, kwani springi huchoka na mpira wake huacha alama kwenye rangi. Stoo zenye paa la bati huwa na joto kali, na vumbi la kiangazi hupenya kila mahali. Kwa hiyo izungushiwe kitambaa safi cha pamba, kitu kisichokosekana Simiyu, iwekwe katika kopo lenye kifuniko kwenye rafu ya chini, na iandikwe katika daftari la vifaa.

Betri yake ndiyo ituogopeshayo. Nyingi hutumia betri bapa ya volti 3, mfano wa kifungo, iuzwayo na mafundi saa. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, umeme wake huunguza nyama za ndani, na madhara makubwa yaweza kutokea katika muda wa saa mbili. Asitapishwe, wala isisubiriwe dalili. Apelekwe hospitali mara moja, na mhudumu aelezwe kwamba ni betri. Tyuna ambayo kifuniko cha betri hakifungwi kwa skrubu isipitishwe mikononi mwa darasa la kwanza na la pili. Wakati wa likizo betri itolewe, na iliyokwisha nguvu ifungwe kwa utepe pande zote mbili, iwekwe katika kopo la peke yake ofisini kwa mwalimu mkuu, mbali na lile la pipi.