Kupima Afya ya Matumbawe

Watu wengi hudhani kuwa matumbawe ni mawe, kwa kuwa hukatwa kujengea nyumba na kuchomwa chokaa. Sivyo. Tumbawe lililo hai ni kundi la wanyama wadogo sana, ambao hujijengea kao la chokaa chini yao. Ndani ya miili yao hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho matupu. Mimea hiyo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua na kumgawia mwenyeji wake, tena ndiyo impayo rangi.

Maji yakizidi joto lake la kawaida la miezi ya joto kali, hata kwa sentigredi 1 tu, na hali hiyo ikaendelea majuma kadhaa, mimea hiyo hufukuzwa. Tumbawe hubaki jeupe kama karatasi. Hapo wengi husema limekufa. La, limepauka, nalo laweza kupona maji yakipoa upesi. Likifa kweli, mwani huota juu yake, na mgeni asiyejua huona mwamba una rangi nzuri! Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yalikufa kwa namna hiyo. Mwaka 2016 na 2024 yakapauka tena. Hasara ya 1998 ilijulikana kiasi chake kwa sababu walikuwako watu waliopima kabla.

Kipimo chenyewe si kigumu. Wakati wa maji kupwa hulazwa kamba ya meta 10 juu ya mwamba. Mpimaji huogelea juu yake amevaa miwani ya kuzamia (asikanyage kamwe), akiandika kwa penseli juu ya kibao cha plastiki kila kilicho chini ya kamba pamoja na urefu wake: tumbawe hai, tumbawe lililopauka, mwani, mchanga. Tuseme matumbawe hai, yakijumlishwa, yamepata sentimeta 320. Kamba nzima ni sentimeta 1,000. Basi yaliyo hai ni 32 kwa mia. Kamba moja haitoshi, maana yaweza kuangukia mahali pazuri au pabaya. Zilazwe kadhaa, upatikane wastani. Mwaka wa pili arudi pale pale, majira yale yale. Hiyo 32 peke yake haituambii mengi, lakini ikiwa mwaka uliotangulia ilikuwa 45, pana jambo.

Samaki nao huhesabiwa. Kikande, mwenye meno ya nguvu, hula wale wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu wanaochoma miguu ya wavuvi. Uchunguzi wa miaka mingi katika pwani ya Kenya umeonyesha kuwa mahali vikande walipovuliwa mno, wanyama hao wa miiba huzidi, nao huuguguna mwamba hata ukamomonyoka. Katika hifadhi za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, uvuvi umekatazwa. Kwa hiyo mpimaji akiona miiba imejaa, yampasa aulize habari za nyavu na madema kabla ya kulaumu joto.

Na aliyetafuta kikande asione hata mmoja na aandike 0. Asiache nafasi tupu, kwani atakayesoma daftari baada ya miaka kumi hatajua kama hapakuwa na samaki, au hapakuwa na mtu wa kuhesabu.