Kozi za jumla zina wenyewe: namna ya kuzifuatilia chuoni Kasongo

Mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza wa lisansi hukuta kozi ambazo hakuzifuata: Kifaransa cha kusema na kuandika, Kiingereza, informatiki, mantiki, elimu ya uraia. Aliyekuja kusoma sheria au kilimo huziona kama ushuru wa barabarani, ulipe upite. Mzazi wa Kabambare aliyeuza mpunga, au dhahabu kidogo ya machimboni, ili apate minervali, huuliza kozi hizo zitamfaa nini mtoto wake. Swali lake ni la haki. Tatizo ni kwamba hulipeleka kwa asiyehusika, mara nyingi kwa mtoto mwenyewe.

Tuanze na hesabu. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 wizara ya elimu ya juu imeagiza vyuo vyote vya Kongo viingie katika mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora). Lisansi ina semesta 6 na krediti 180, yaani krediti 30 kila semesta. Krediti moja ni saa 25 za kazi ya mwanafunzi, za darasani na za kujisomea zikiwa pamoja. Kozi za jumla zimo ndani ya hizo 180, si nyongeza. Kwa hiyo kozi ya uraia yenye krediti 2 ni kazi ya saa 50. Mwalimu akija kwa siku tatu, akasomesha silabi mbio mbio na kurudi alikotoka, kuna saa ambazo mmelipia na hamkuzipata.

Nani basi anaamua kozi ifundishwe, kwa saa ngapi, na nani? Wizara hutoa mwongozo kila mwaka kwa njia ya maagizo ya masomo, na Kinshasa kuna Tume ya Kudumu ya Masomo inayoshughulikia programu za nchi nzima. Lakini kazi yenyewe inafanyika chuoni. Idara hupendekeza, baraza la fakulti hujadili chini ya doyeni, naye makamu wake wa mafundisho hufuatilia. Juu yao kuna katibu mkuu wa masomo, kisha kamati ya uongozi ya rekta. Baraza la fakulti ndilo muhimu kwako, kwa sababu humo wamo walimu wenyewe.

Na hapo ndipo penye tundu. Idara ya sheria hulinda kozi za sheria kwa wivu. Kiingereza cha wanasheria kinalindwa na nani? Si cha idara yoyote. Hupewa asistanti ambaye saa zake hazijatimia, au mwalimu mgeni anayepitia njiani, na kikaoni hakuna anayeuliza kilifundishwaje. Kwa maoni yangu chuo kidogo kama Chuo Kikuu cha Kasongo kinahitaji tume ndogo ya walimu wa fakulti mbalimbali, watano au sita wanatosha, yenye kazi moja tu: kusimamia kozi za jumla. Haihitaji jengo wala bajeti kubwa. Inahitaji daftari la mihutasari na ujasiri wa kumwambia mwenzao kwamba silabi yake imechakaa.

Walimu wakilala, mwingine huchukua nafasi yao. Mwaka 1971 utawala wa Mobutu uliviunganisha vyuo vikuu vitatu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani kuwa UNAZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, chini ya rekta mmoja, mpaka vilipotenganishwa tena mwaka 1981. Katika miaka hiyo elimu ya uraia ilikuwa kuimba sifa za chama cha Mobutu. Kozi ya namna hiyo, ikikosa walimu wa kuisimamia, ni rahisi mno kutekwa.

Lakini kozi ya jumla ikisimamiwa vizuri huwa hai. Chukua kozi ya mbinu za utafiti au takwimu. Miaka ya 1970 timu ya waganga na watafiti iliyohusiana na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilifuatilia chanjo ya surua kwa watoto wa Kasongo. Mwaka 1981 matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet na kuzua ubishi: mtoto aliyeepushwa na surua anapona kweli, au ugonjwa mwingine unamngoja mbele? Watafiti wengine walikuja kuipinga tafsiri hiyo ya pili. Huo ni ubishi wa kisayansi uliozaliwa nyumbani kwetu, na takwimu zake ni za watoto wa hapa. Tume makini ingemwuliza mwalimu kwa nini mifano yake yote inatoka Paris.

Sasa hatua zako. Semesta ikianza, mkuu wa promosheni aombe muhtasari wa kila kozi ya jumla: krediti, saa, malengo, namna ya kupima, jina la mwalimu. Ukurasa mmoja unatosha. Saa zikikatwa au mada zikiachwa, andikeni barua kwa katibu wa masomo wa fakulti, nakala kwa doyeni. Toeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa nanyi muiweke. Msiposikilizwa, pandeni kwa katibu mkuu wa masomo. Msisubiri juri ikae: juri hupima alama, haiwezi kurudisha somo ambalo halikufundishwa. Rufaa ya alama na malalamiko ya mafundisho ni njia mbili tofauti, na wengi hushindwa kwa sababu wamezichanganya.

Mzazi haingii barazani, lakini anaweza kuomba kuona programu ya mwaka kabla ya kulipa. Anayetoka upande wa Kabambare aangalie zaidi, kwa kuwa barabara mbovu wakati wa mvua, au vurugu za Salamabila, zinaweza kumchelewesha mtoto na kozi za mwanzo zikampita. Na kila mwaka ukiisha, chukueni karatasi ya alama yenye krediti zote, za jumla zikiwemo, ikiwa na sahihi na mhuri. Mtoto akihamia Kindu au Bukavu, chuo kipya kitahesabu krediti zilizoandikwa humo.