Dondoo muhimu: Kabla hujajisajili kwenye kozi ya mtandaoni

Anayesoma Chuo Kikuu Huria cha Tanzania akiwa Mbinga, Liuli au Mbamba Bay, kituo chake cha mkoa kipo Songea. Ni safari ndefu kwenda kuulizia tu namna ya kutuma faili. Jifunze haya kabla ya kulipa ada.

Anza na faili, maana hapo ndipo kazi za wanafunzi hupotelea. Tengeneza folda moja kwa kila somo. Ipe kazi jina linaloeleweka, kwa mfano "Historia_Kazi1". Umeme ukikatika, kinachosalia kwa uhakika ni kile ulichohifadhi tu: bonyeza Ctrl na S kila unapomaliza aya. Kisha jizoeze kugeuza waraka wa Word kuwa PDF na kuutuma kama kiambatisho. Kwenye Gmail viambatisho vya barua moja havitakiwi kuzidi MB 25, kwa hiyo picha za simu zipunguze ukubwa kwanza.

Baruapepe iwe yako mwenyewe, si ya mwenye steshenari. Ukitumia kompyuta ya watu, toka kwenye akaunti kabla hujainuka, na usikubali ihifadhi nywila yako.

Bando nalo lina hesabu yake. Video ishushe hadi 360p. Sauti ya mwalimu utaisikia vizuri tu. Kama mtandao wa kijijini kwenu ni hafifu, pakua masomo ukiwa Mbinga mjini, uyasome nyumbani bila intaneti.

Kuchapa kwa vidole vyote kutakuja kwa mazoezi. Usiahirishe kozi kwa ajili ya hilo.