Kilo mbili za mizani ya pamba

SWALI: Mchungaji, mimi ni karani wa mizani katika chama kimoja cha ushirika wa mazao (AMCOS) hapa Bariadi, na kanisani ni mzee. Kila mzigo wa pamba tunakata kilo mbili, eti za unyevu. Juzi tulisoma kitabu cha nabii Amosi, nikakosa usingizi. Je, maneno yale yananihusu?

JIBU: Ndiyo, ndugu yangu. Yanakuhusu, tena sana. Amosi alikuwa mfugaji na mtunza mikuyu wa Tekoa, karne ya 8 kabla ya Kristo. Katika sura ya 8 anawakemea wafanyabiashara wanaoona Sabato inachelewa kwisha. Efa, kipimo cha nafaka, wameipunguza. Shekeli, jiwe la kupimia fedha, wameiongeza uzito. Mnunuzi anaibiwa mara mbili kwa mkupuo mmoja.

Kilo zako mbili ni efa ileile, ila kwako anayeibiwa ni muuzaji: mama aliyepalilia tangu Desemba, amesimama na pamba yake ndani ya shuka, anatazama uso wako badala ya mshale wa mizani. Amekuamini.

Mstari wa 6 unawataja pia wanaouza makapi ya ngano. Hapo wamo wakulima wetu wanaotia pamba maji na mchanga. Lakini kosa lao halikupi ruhusa. Pamba mbichi irudishe ikaanikwe, mbele ya mwenyewe.

Msimu huu andika kilo zilizosomwa. Na wale unaowakumbuka kwa majina, waendee nyumbani na fedha mkononi, kama Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha alichodhulumu.