Pete Iliyopotea Shambani

Swali: Pete ya ndoa ya dhahabu imedondoka kwenye shamba la viazi Rungwe, mkoani Mbeya. Je, mashine wanayotumia wachimbaji wa Chunya kusaka dhahabu inaweza kuipata?

Jibu: Inaweza. Sahani yake ina koili ya waya inayotoa uga wa sumaku; uga huo huamsha umeme ndani ya pete, na mashine hulia. Pete nzima husikika vizuri kuliko iliyokatika, kwa kuwa umeme huizunguka bila kukatizwa. Ikizama zaidi ya sentimita 20 hivi, huwa vigumu kuipata. Udongo wa volkano wa Rungwe una madini ya chuma yanayoichanganya mashine, hivyo hurekebishwa kwanza papo hapo. Eneo hugawanywa kwa kamba, sahani ikipitishwa polepole karibu na ardhi. Vizibo vya soda na misumari navyo huiliza. Kwa hiyo kila inapolia, hapo hufukuliwa.