Maji taka na dawa zilizomo



Tuanze na sarufi, maana Jumamosi iliyopita nimesikia tena "maji chafu". Maji yapo ngeli ya YA-YA: maji haya, maji machafu, maji yametoka. Yanayotoka chooni, bafuni na jikoni huitwa maji taka.

Sasa niwaulize: ukimeza kidonge, kinakwenda wapi? Mwili hukivunjavunja, na mabaki hutoka kwa mkojo. Mimi ni muuguzi, dawa hizi nazijua. Karbamazepini, dawa ya kifafa, huvunjwa karibu yote, lakini sehemu ndogo hutoka kama ilivyo. Nayo ni sugu: hata mtambo wa kusafisha maji taka huipita hadi mtoni.

Wataalamu huipataje katika uchafu wote ule? Hawachoti ndoo moja, kwa kuwa maji ya asubuhi, watu wote wakiwa chooni, si sawa na ya usiku wa manane. Pampu huvuta kidogokidogo kwa saa 24. Maji huchujwa, kisha hupitishwa kwenye kibomba chenye chembechembe zinazonasa dawa. Chembe hizo huoshwa kwa methanoli, na chupa nzima inabaki matone machache. Mashine huyatenganisha yaliyomo na kupima uzito wa molekuli. Mafuta na sabuni huidanganya mashine. Kwa hiyo hutiwa kwanza kiasi maalumu cha dawa ileile, iliyotengenezwa iwe nzito kidogo. Hiyo ikisomeka pungufu, wanajua na ile nyingine imepunjwa.

Kipimo chao ni nanogramu: gramu moja igawe mara bilioni. Koroga gramu moja ya sukari, kama robo kijiko cha chai, katika bwawa la Olimpiki lenye lita 2,500,000. Kila lita itapata nanogramu 400. Mashine huona hata chini ya hapo.

Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, watajua ni dawa ya bibi?" Hapana, ni maji ya maelfu ya watu. Ila wanaweza kutambua dawa iliyotupwa chooni nzima, kwa sababu iliyopita mwilini huja na vipande vyake.

Wazazi, hapo nami nimo. Mama mkwe alipofariki nilimwaga vidonge vyake chooni, na uuguzi wangu wote. Hapa Uingereza duka la dawa huzipokea dawa zilizobaki, bure.

Kazi ya nyumbani: mama au baba afungue kabati la dawa, wewe msomee tarehe za mwisho kwa Kiswahili. Kisha andika sentensi tano zenye neno "maji". Atakayeandika "maji chafu" ataanza upya.